Bata wa Mbao wa Bwana Karani

Mume wangu hakuwahi kuchinja hata kuku. Akija mgeni wa kupikiwa kitoweo, mimi nilimwita jirani mwenye kisu, naye mume wangu alikwenda kusimama nyuma ya nyumba akiikagua migomba mpaka kuku atulie. Halafu alirudi ananawa mikono, kana kwamba kazi ilikuwa yake. Mtu huyo ndiye aliyeamua, mwaka ule bosi wake alipopanda meli kurudi Ulaya, kwamba tangu sasa yeye ni mwindaji wa bata.

Tulikuwa tukikaa Kahororo, katika nyumba ya bati aliyotujengea baba mkwe, mwinjilisti wa Kilutheri, kwa sharti kwamba pombe isiingie mlangoni. Mume wangu alikuwa karani bomani. Vita vilikuwa vimekwisha, kahawa ilikuwa na bei nzuri, na makarani wa Bukoba walikuwa wanajiona watu wazito. Wangu alikuwa mzito kuliko wote. Alivaa soksi ndefu mpaka magotini, akatembea na faili kwapani hata siku ambazo ndani ya faili hamkuwa na kitu ila kipande cha muhogo cha kula saa nne. Nalijua faili lile, kwa sababu muhogo niliuweka mimi.

Bosi wake alikuwa Mzungu mwembamba mwenye shingo nyekundu, mtu asiyesema mengi. Kila Jumamosi alikwenda mabwawani na bunduki, na kila Jumatatu mume wangu aliniletea habari za mabwawa kama vile alikuwepo. Hakuwepo. Aliyekuwa anakwenda ni dereva. Basi Mzungu alipokuwa anafunga mizigo ya kuondoka, aliwagawia watu wake vitu. Mpishi alipata kitanda cha chuma na masufuria. Dereva alipata koti la mvua zuri sana, ambalo mkewe alilivaa kanisani hata siku za jua. Mume wangu, aliyemwandikia yule bwana barua zake zote tangu afike nchini, alirudi nyumbani jioni amebeba gunia begani, uso unang'aa.

Aliliweka gunia mezani, juu ya kitambaa nilichokidarizi mwenyewe, akaanza kutoa kimoja kimoja. Walikuwa bata wa mbao. Wengine shingo zimelegea, wengine rangi imebanduka, mmoja hana mdomo.

"Nini hivi?" nikauliza.

"Zinaitwa dikoi," akasema kwa sauti ile aliyokuwa akiitumia akisema Kiingereza mbele ya wakwe.

"Nimekuuliza ni nini, sikukuuliza zinaitwaje."

"Ni bata wa kuvutia bata. Unawaweka majini. Bata wa kweli akipita juu anawaona wenzake wametulia, anasema, aa, hapa pana amani. Anashuka." Akamshika yule asiye na mdomo na kumzungusha taratibu kwenye mwanga wa dirisha. "Bata haogopi mahali, Mama Watoto. Anaogopa kuwa peke yake."

"Kwa hiyo mpishi kapewa kitanda, dereva kapewa koti, na wewe umepewa vinyago."

Hakukasirika. Hilo lilinitia hasira mimi. Alinitazama kwa huruma, kama mtu mwenye siri anavyomtazama asiye nayo, kisha akazitoa sahani zangu kabatini ili bata wapate pa kulala.

Kiangazi kizima kilichofuata kilikuwa cha maandalizi. Nimeona watu wakijiandaa kwa harusi, kwa msiba, kwa ujio wa gavana, lakini sijaona mtu akijiandaa kama mume wangu alivyojiandaa kwa ndege. Kwanza ilikuwa rangi. Bata wale walikuwa na vichwa vya kijani, ndege wa Ulaya, na mabwawani kwetu hakuna wa namna hiyo. Akaamua wawe kama wale wa kwetu wenye uso mweupe na kifua cha rangi ya udongo, wanaopiga mluzi wakiruka. Akaenda duka la Mhindi akarudi na makopo. Akapaka. Wakatoka wanang'aa kama viatu vya askari siku ya gwaride.

"Haifai," akasema, ameshika kiuno. "Bwana alisema ndege akiona kitu kinang'aa anakimbia."

Basi akachukua majivu ya jiko langu, akayachekecha kwa chekecheo langu la unga, akachanganya na rangi, akapaka upya. Nilikula ugali wenye harufu ya rangi mpaka mvua zikanyesha.

Kisha ikawa uzito. Bata wa mbao akiwekwa majini hulala ubavu kama maiti, na bata aliyelala ubavu havutii mtu. Akawatafuta wavuvi kule ufukweni akanunua risasi za kuzamishia nyavu, akaziyeyusha kwenye sufuria yangu ya maziwa, akazimimina matumboni mwa bata. Baadaye alileta pipa, akalijaza maji uani, akawa anawaelesha humo kila akitoka kazini, akiinama, akiwasukuma kwa kidole, akirudi nyuma hatua kadhaa, akifumba jicho moja. Majirani walikuja kutazama. Mke wa fundi cherehani aliniuliza kwa upole kama mzee anaendelea vizuri. Nikamwambia anaendelea vizuri sana, anawanawisha watoto wake.

Kisha mluzi. Hapo ndipo watu wa Kahororo walipomchoka. Kwetu mtu hapigi mluzi nyumbani jua likielekea kuchwa, anaita nyoka, na hilo analijua hata mtoto anayetambaa. Mume wangu alikaa kwenye ngazi ya nyumba ya mwinjilisti akapiga mluzi wa bata, mara mrefu, mara mfupi, mara wa kushuka, mara wa kushiba. Baba mkwe alipita akielekea ibada ya jioni, akasimama, akamtazama mwanawe kwa muda, akaendelea na safari yake bila kusema. Nilimheshimu sana yule mzee siku ile. Mimi nisingeweza kunyamaza.

Lakini kitu kimoja kilikosekana, nacho ni bunduki. Bosi aliondoka na yake. Ndipo akaingia mwenzake, ambaye nitamwita mwenye bunduki, kwa sababu hakuwa na sifa nyingine. Alikuwa Mkatoliki wa upande wa Kashozi, mwenye kibanja kikubwa cha kahawa na tumbo la kulingana nacho. Alikuwa na bunduki ya marisau yenye kibali halali, na kazi pekee aliyowahi kuipa ni kupiga hewani kwenye harusi. Hakuwahi kuuelekeza mdomo wa bunduki hiyo kwenye kitu chochote chenye roho. Wakakutana hao wawili, mtu mwenye bata asiye na bunduki na mtu mwenye bunduki asiye na bata, na kuanzia siku ile hawakuachana, wala hawakupendana.

Walikaa sebuleni kwangu kila Jumapili baada ya kanisa, kila mmoja akitoka kanisa lake, wakabishana.

"Ndugu karani," mwenye bunduki alisema, "bila bunduki hayo ni mapambo."

"Na bila dikoi," mume wangu akajibu, "wewe unapiga mawingu. Ulishayazoea."

"Atakayepiga ni mimi."

"Atakayesema lini ni mimi. Mtego ni wangu."

"Shemeji, wewe unasemaje?" mwenye bunduki aliniuliza siku moja, akinyoosha kikombe niongeze chai.

"Nasema chai imekwisha," nikamwambia. Haikuwa imekwisha.

Nilivumilia majivu, sufuria, pipa na mluzi. Ambalo sikulivumilia lilikuwa la lubugo. Nilipoolewa, mama yangu alinipa lubugo, nguo ile ya gome la mti iliyopondwa ikalainika, nyekundu kama udongo wa kwetu. Alikuwa amepewa na mama yake. Si kitu cha kuvaa kwenda sokoni. Ni kitu kinachokaa sandukuni na kutoka siku kubwa tu. Siku moja nikarudi kutoka kisimani nikamkuta mume wangu uani amelikata katikati, ametoboa tundu la kichwa, amelivaa, amechuchumaa karibu na pipa.

"Tazama," akasema. "Rangi ya tope kabisa. Bata hawezi kuniona."

Niliweka mtungi chini. Nakumbuka nilisema polepole, maana nilihisi nikisema haraka nitapiga kelele. "Hilo ni lubugo la mama yangu."

"Nitamnunulia lingine."

"Halinunuliwi."

"Basi nitamletea bata," akasema, na nilipomtazama nikaona kwamba anasema kweli. Kichwani mwake kulikuwa na mizani ambayo upande mmoja una lubugo na upande mwingine una bata, na mizani hiyo ilikuwa imetulia sawasawa. Sikuzungumza naye mpaka wiki ile ikaisha. Sidhani kama alitambua, alikuwa anapiga mluzi.

Ahadi hiyo ya bata ndiyo iliyotupeleka Kagoma. Kagoma, upande wa Muleba, ndiko kwetu mimi. Kibanja cha wazazi wangu kinashuka mpaka kwenye bonde la mafunjo, na mvua zikianza bonde hilo hujaa maji na ndege. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa anapata kipaimara, na ukoo wote ulikuwa unakuja. Mume wangu akampelekea mama ujumbe kwamba asichinje chochote. Nyama italetwa na mkwe. Bata wa kuwatosha wote, na wa kubeba.

Mama yangu alifurahi kupita kiasi. Alimwamini mume wangu katika kila jambo, kwa sababu alivaa soksi. Nikaenda mapema, siku kadhaa kabla ya sherehe, nikamwita kaka yangu pembeni.

"Mfunge mbuzi karibu na nyumba," nikamwambia. "Yule mweusi."

"Mama kasema tusichinje."

"Sijasema umchinje. Nimesema umfunge karibu."

Kaka yangu alikuna kichwa. Alikuwa mvivu tangu kuzaliwa, na mawazo pia yalimchosha. "Lakini shemeji ni mtu wa serikali," akasema. "Mtu wa serikali akisema nyama ipo, si ipo?"

"Mfunge tu."

Wawindaji walifika Ijumaa alasiri juu ya lori la kahawa, wamejaa vumbi. Mume wangu alikuwa na kaptura mpya na kofia. Mwenye bunduki alikuwa amekumbatia bunduki yake kama mtoto mgonjwa. Mama akawapokea, "Nyegera, waitu, nyegera," akawatolea buni za kutafuna kwenye kikapu kidogo kama inavyostahili wageni wa heshima. Kabla hata hawajamaliza kutafuna, mume wangu alifungua gunia akawapanga bata wake uani, mstari mrefu, vichwa vikielekea upande mmoja. Wazee wa ukoo wakazunguka. Walitazama kwa adabu sana. Shangazi yangu mmoja, mwanamke asiyejua kuficha jambo, akainama akamgusa mmoja kwa fimbo.

"Hawa ndio tutakaokula?" akauliza.

"Hapana, waitu," mume wangu akasema. "Hawa ni wa kuwaita wale tutakaowala."

"Na wasipoitika?"

Mwenye bunduki akacheka. Mume wangu hakucheka.

Alfajiri ya Jumamosi wakaenda bondeni. Kaka yangu ndiye aliyetakiwa kubeba gunia, lakini alipofika ukingoni na kuona tope, mgongo ukamshika ghafla, akakaa chini kwenye jiwe. Mwenye bunduki alikuwa na bunduki. Mume wangu alikuwa na lubugo la mama yangu mabegani na hakutaka lilowe. Basi nikajitwika gunia la bata mimi, mwenye hasira kuliko wote pale, nikakunja kanga na kuingia kwenye mafunjo maji yakinifika magotini, nikiwafuata wanaume wawili waliokuwa wakinong'onezana matusi.

Nikiri kwamba kazi ya kuwapanga aliijua. Alikwenda kwenye uwazi wa maji, akawaweka mmoja baada ya mwingine na mawe yao ya nanga, wawili pamoja, watatu pamoja, mmoja pembeni kama aliyenuna, na katikati akaacha nafasi tupu. Nikamuuliza nafasi ile ni ya nini. "Ni ya wageni," akasema, na akayafuta maji usoni mwa bata mmoja kwa kidole gumba. Kisha tukaingia ndani ya maficho waliyoyafuma kwa mafunjo, tukachuchumaa watatu tumebanana. Mwenye bunduki alinuka vitunguu. Mbu walikuwa wengi. Niliwaza juu ya ndizi zilizokuwa zinanisubiri kumenywa, na juu ya miaka yote iliyobaki ya ndoa yangu.

Mwanga ulipoanza kushika maji, mume wangu alipiga mluzi. Sikuwa nimewahi kuusikia ukitokea mahali pake. Nyumbani ulikuwa upuuzi, lakini kule bondeni ulitoka ukaenda juu ya mafunjo na kupotea. Akapiga tena. Kukawa kimya. Halafu mbali, upande wa ziwa, wakaitika.

Walikuja wengi, weusi kwenye mbingu iliyopauka. Walipita juu yetu nikasikia mabawa yao. Wakaenda, nikadhani wamekwenda kabisa, wakageuka. Wakazunguka tena chini zaidi, na sasa niliona nyuso zao nyeupe zikiinama kutazama vile vipande vya mbao vilivyopakwa majivu ya jiko langu. Wa kwanza akakunja mabawa, akatoa miguu mbele. Wote wakamfuata. Walishuka katikati, kwenye nafasi ile ile aliyowaachia, maji yakapasuka chini yao, wakatulia, wakaanza kujisafisha manyoya kando ya bata wasiokuwa bata. Mmoja alikwenda moja kwa moja kwa yule aliyenuna pembeni na kukaa naye.

Niliwadharau. Niseme ukweli, hilo ndilo lililonijia kwanza. Viumbe wenye mabawa, wenye ziwa zima, na wamedanganywa na karani.

"Wamekubali," mume wangu akanong'ona. Alikuwa analia. Machozi yalikuwa yanamshuka wazi wazi mpaka kwenye masharubu. "Wamekubali."

Mabishano ya sebuleni yalikuwa yameishia kwenye makubaliano kwamba, mtego ukiwa wake, mume wangu ndiye atakayepiga kwanza, na bunduki ilikuwa mikononi mwake. Hakuinyanyua.

"Piga," mwenye bunduki akasema.

"Ngoja."

"Ngoja nini? Piga!"

"Ngoja kidogo, tazama yule..."

"Lete hapa, mpumbavu wewe!" Mwenye bunduki akaushika mtutu. Mume wangu akavuta kitako. Niliinama, nikafunika kichwa kwa mikono, na bunduki ikalia kando ya sikio langu, mlio ambao nadhani ulifika Bukoba. Nilipoinua kichwa, bata wote walikuwa hewani wakipiga kelele, na majini bata mmoja wa mbao alikuwa hana kichwa wala kifua, anaelea vipande vipande. Hakuna unyoya hata mmoja.

Mume wangu aliingia majini akaokota vile vipande, akavitia ndani ya kofia yake. Tulipotoka bondeni, kaka yangu aliinuka kutoka kwenye jiwe lake, akatutazama mikono, akageuka bila kuuliza na kuelekea nyumbani kumchinja mbuzi.

Sherehe ilikuwa nzuri. Mdogo wangu alipendeza, nyama ilitosha. Mimi nilikula kwa uchungu, kwa sababu ilinibidi kuwasikiliza wale wawili wakisimulia. Mwenye bunduki alikaa na wanaume upande mmoja akasema upepo ulibadilika ghafla. Mume wangu alikaa upande mwingine akasema marisau yalikuwa ya zamani. Kila mmoja alikuwa na wasikilizaji wake wanaotikisa vichwa, wanaotafuna mbuzi, wanaosema pole. Mama yangu akamwekea mkwewe figo, sehemu ya heshima, kumfariji. Aliipokea. Kuhusu lubugo mama hakusema neno. Aliliona mabegani mwake, limelowa tope, limechanika ukosi, akageuza macho akaniuliza kama chumvi inatosha.

Nilidhani basi, yamekwisha. Lakini tuliporudi Kahororo, mume wangu akaanza kutoka peke yake kila Jumamosi asubuhi na gunia lake. Hakwenda tena Kagoma. Alipata bwawa dogo karibu na ziwa, si mbali na mji. Alirudi mchana, miguu imejaa tope, uso mtulivu.

"Bunduki umeazima kwa nani?" nikamuuliza.

"Sina bunduki."

"Unawinda kwa nini basi? Kwa mawe?"

Alikuwa anakausha bata kwa kitambaa, mmoja mmoja. "Bado najiandaa," akasema.

"Unajiandaa nini?"

Akafikiri. "Leo wameshuka mara mbili," akasema. "Mara ya pili wamelala kabisa. Mmoja aliweka kichwa chini ya bawa, karibu nami kama hapo ulipo wewe."

Nina ndugu walevi, nina binamu aliyeoa wanawake ambao hakuweza kuwalisha, na wote hao niliweza kuwaeleza kwa watu. Mume anayekwenda kukaa kwenye tope ili ndege wamwamini sikuweza kumweleza. Wanawake wa kwaya waliniuliza leo ameleta nini, nikasema ameleta nguo za kufua.

Mwenye bunduki hakuja tena sebuleni. Walikuwa hawasalimiani hata sokoni. Lakini habari zinatembea, na habari za bwawa lile zilimfikia. Jumamosi moja, mvua kubwa ikiwa imekatika, mume wangu alipanga bata wake kama kawaida, akakaa ndani ya mafunjo, akapiga mluzi. Ndege wakaja kundi kubwa kuliko alilowahi kuona. Akawaita mpaka wakashuka wote, akawaacha wakatulia. Ndipo ng'ambo ya bwawa, ndani ya matete, bunduki ikalia, ikalia tena. Mwenye bunduki alikuwa amekwisha kujificha kule kabla ya mapambazuko, akangoja afanyiwe kazi na mume wangu.

Haya yote nilihadithiwa jioni ile ile mlangoni na mwenye bunduki mwenyewe, akijisifu. Mume wangu alirudi bila gunia, bila kofia, akapita sebuleni akaingia chumbani, akafunga mlango. Niligonga nikamuuliza kama ameumia. Akasema hapana.

Jua likielekea kuchwa mwenye bunduki akatokea mlangoni, tumbo mbele, mkononi ameshika bata mmoja kwa miguu. Alikuwa na lile gunia pia, amelikusanya.

"Shemeji, hodi. Nimeleta haki ya mwenye mtego," akasema. Akapaza sauti ili isikike chumbani. "Mwambie bwana karani tumeua wa kutosha. Mimi na yeye."

Nilimtazama yule mtu. Damu ilikuwa inadondoka kwenye ngazi ya mwinjilisti, na alikuwa anatabasamu, anangoja chai. Nikampokonya bata, nikachukua na gunia.

"Ahsante," nikamwambia. "Na usije tena hapa."

"Shemeji, huu si utani tu?"

"Umejificha kwenye nyasi kumwibia mtu ndege ambao hawezi hata kuwapiga. Kwenu Kashozi hamna kuku?"

Nikafunga mlango. Sikufanya vile kwa ajili ya mume wangu, nilifanya kwa sababu yule mtu alinichefua. Lakini najua chumbani alinisikia, maana kitanda kililia, kama mtu aliyekuwa amejilaza akakaa.

Sikumwita jirani. Nilimnyonyoa bata mwenyewe uani, kando ya lile pipa. Alikuwa na uso mweupe safi na manyoya laini kuliko nilivyofikiri. Nikampika kwa chumvi na karanga, muda mrefu, nikiongeza maji na kuni, nikiongeza tena. Nikatenga chakula. Mume wangu akatoka chumbani, akaketi mezani, akatazama sahani, akavuta kwake ndizi tupu.

"Hutaki?" nikamuuliza.

Akatikisa kichwa.

Basi nikala mimi. Nyama ilikuwa ngumu kama kiatu, ina mishipa, na kila tonge lilinuka tope la bwawa. Nikatafuna, nikatafuna. Yeye alikuwa ananitazama mdomo.

"Ikoje?" akauliza hatimaye.

"Mbaya," nikasema. "Mbaya sana. Mbuzi wa mama alikuwa mtamu mara elfu."

Akainamisha kichwa akaendelea kula ndizi zake, na nikaona mabega yake yameshuka, yametulia, kama mtu aliyeambiwa habari njema.

Hakwenda tena bwawani. Gunia lilikaa uvunguni mwa kitanda mpaka alipohamishiwa Biharamulo, na siku ya kufunga mizigo niliwapa watoto wa fundi cherehani wale bata. Alikuwepo, aliona, hakunizuia. Kule Biharamulo alijiunga na wanaofuga nyuki, akaanza kujiandaa.